Jiwe Ndani ya Sinki la Choo

Michirizi ya kahawia inayoshuka kutoka ukingo wa sinki la choo hadi kwenye maji yaliyotuama chini huhesabiwa na wengi kuwa uchafu uliokomaa, na mwenye nyumba akiona haitoki huongeza nguvu za mkono, kisha hununua brashi ngumu zaidi, na mwisho hushika msasa. Katika mji wa Singida, na katika miji midogo ya mkoa huo kama Manyoni, Itigi na Kiomboi, hesabu hiyo mara nyingi huwa ya makosa, kwa kuwa doa sugu la sinki kuukuu ni jiwe kwa sehemu yake kubwa: ni madini yaliyokuwa yameyeyuka ndani ya maji, yakaganda juu ya kauri tabaka baada ya tabaka kwa miaka, huku yakinywa rangi ya kila kilichopita hapo. Jiwe la namna hiyo haliogopi sabuni, na likisuguliwa kwa kitu kikali huondoka pamoja na ngozi ya sinki lenyewe.

Ili kuelewa jiwe hilo linatoka wapi ni lazima kuanzia ardhini. Singida iko katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania, unaopata mvua ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja tu unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Mwamba wa chini ni itale, ule unaoonekana kwa macho katika majabali makubwa yanayozunguka mji, na maji ya matumizi hutoka zaidi katika visima virefu vinavyofuata nyufa za mwamba huo. Mamlaka ya maji ya mjini, SUWASA, hutegemea visima vya Mwankoko na Irao, na vijijini hali ni ile ile ya visima, pampu za mkono na mabwawa madogo. Maji yanapokaa muda mrefu ndani ya nyufa za mwamba huyeyusha kidogo kidogo madini yaliyomo, hasa kalsiamu na magnesiamu, na hayo ndiyo yanayoyafanya yaitwe maji magumu, yaani maji yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya birika.

Jambo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya mkoa haina mto unaoyapeleka maji yake baharini. Ni eneo la Bonde la Kati, ambalo bodi yake ya maji ina makao yake Singida penyewe, na maji ya bonde hilo huishia katika maziwa yasiyo na mlango wa kutokea, kama Singidani na Kindai yaliyo ubavuni mwa mji. Jua hunyonya maji, chumvi hubaki, na mwaka unaofuata chumvi nyingine huongezwa juu ya ile ya zamani. Ndiyo maana ziwa Singidani, lenye maji mengi yanayovutia macho, halinywewi. Ndani ya sinki la choo hutokea jambo lile lile kwa kipimo kidogo. Maji hupita, mengine hubaki kama utando mwembamba juu ya kauri, utando hukauka, na kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake hakina pa kwenda.

Kinachoganda kwanza ni kaboneti ya kalsiamu, yaani ile chokaa ngumu iliyomo katika mawe ya chokaa na maganda ya mayai. Ndani ya kisima kalsiamu huweza kubaki imeyeyuka kwa sababu maji ya chini yana hewa ya kabonidioksaidi; yanapotoka bombani hewa hiyo hupotea, na chokaa hutengana na maji. Kiasi chake si cha kudharauliwa. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba maji yana miligramu 300 za chokaa kwa lita, kiwango ambacho wataalamu hukiweka katika daraja la maji magumu sana, tangi la zamani linalomwaga lita 9 hupitisha karibu gramu 3 za madini kila linapovutwa. Karibu zote huenda na maji, lakini kinachobaki, hata kikiwa chembe, hubaki kila siku.

Mkojo nao huongeza jiwe lake. Bakteria waliomo chooni huivunja urea, ambayo ni taka kuu iliyomo katika mkojo, na kutoa amonia, na ndiyo harufu kali inayochoma pua katika choo kisichomwagiwa maji ya kutosha. Amonia huyafanya maji yaegemee upande wa magadi badala ya upande wa ukali wa asidi, na katika hali hiyo fosfeti iliyomo katika mkojo hukutana na kalsiamu na magnesiamu ya maji magumu na kuganda kuwa ukoko wa rangi ya manjano hadi kahawia. Sinki linaloletewa maji magumu kwa hiyo hujenga ukoko huo upesi zaidi, na kwa kuwa ukoko una vitundu vingi visivyoonekana, hukamata uchafu mpya na harufu. Choo kinachonuka saa chache baada ya kuoshwa kwa dawa ya marashi mara nyingi kina ukoko chini ya ukingo au ndani ya kizingo, mahali ambapo macho hayafiki.

Rangi ina habari zake. Nyeupe au kijivu ya kukwaruza ni chokaa tupu. Kahawia inayoelekea wekundu, hasa ikishuka kwa mstari mmoja kutoka tundu moja la ukingo, ni kutu: chuma kilichoyeyuka ndani ya maji ya kisima, au kilichotoka katika bomba la zamani, hakina rangi mpaka kikutane na hewa, ndipo hugeuka. Nyeusi ngumu inaweza kuwa manganizi, ndugu wa chuma katika maji ya ardhini, ilhali nyeusi laini inayotoka kwa kidole ni kuvu. Utando wa waridi unaoteleza ni bakteria na hauna ugumu wowote wa kuuondoa. Inafaa kusemwa hapa kwamba floraidi, ambayo maji ya baadhi ya visima vya Singida yanajulikana kuwa nayo kwa wingi na ambayo hukahawisha meno ya watoto yanapokuwa bado yanakua ndani ya ufizi, haihusiki na doa la choo. Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuzidi kwake ni suala la afya ya mnywaji. Sinki hata likiwa jeupe kama mpya halithibitishi kwamba maji yake yanafaa kunywewa.

Sinki la kauri hutengenezwa kwa udongo mweupe unaopakwa rojo la madini kisha kuchomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi zipatazo 1,200 za Selsiasi, na rojo hilo huyeyuka na kuwa tabaka la kioo lisiloingiza maji. Umbo la sinki la kauri la kipande kimoja lilienea kutoka Uingereza katika miaka ya 1880, kwa kazi ya watengenezaji kama Thomas Twyford, na sababu ya kusifiwa kwake ilikuwa kioo hicho, kwa kuwa uchafu haukuwa na pa kushika. Sifa hiyo ina mwisho. Kioo ni chembamba, na kila kinapokwaruzwa kwa msasa, kwa stili waya au kwa mchanga hupata mikwaruzo ambayo jiwe jipya huishikilia vizuri zaidi kuliko lilivyoshika sehemu laini. Mtu aliyelisugua sinki lake kwa msasa likang'aa Jumamosi hushangaa kuona doa limerudi kabla ya mwezi kwisha, tena pana zaidi, na hulaumu maji peke yake.

Kwa kuwa chokaa ni ya upande wa magadi, kinachoiyeyusha ni asidi, na kanuni hiyo moja hupanga vizuri wingi wa dawa zinazouzwa madukani na zile zinazopatikana jikoni. Majivu, magadi, sabuni ya unga na soda ya kuoka zote ziko upande ule ule wa chokaa, hivyo huondoa mafuta na utelezi lakini haziligusi jiwe. Siki ina asidi ya asetiki kwa kadiri ya asilimia 5, na kwa hesabu ya kemia lita moja yake inaweza kuyeyusha takriban gramu 40 za chokaa. Maji ya limau na ya ndimu yana asidi ya sitriki, ile ile inayouzwa kama chenga nyeupe kwa watengenezaji wa sharubati, na chenga hizo zikikorogwa katika maji ya uvuguvugu hufanya kazi bila ile harufu ya siki inayowakera wengi. Dawa za maji mazito za kusafishia choo, zile za chupa yenye shingo iliyopinda, aghalabu huwa na asidi ya haidrokloriki, na ikiwa kiasi chake ni asilimia 10 lita moja huweza kumaliza zaidi ya gramu 130 za chokaa. Tofauti ya siki na dawa hizo basi ni ya nguvu na muda, kwani kinachofanyika ni kimoja. Ukwaju, ambao miti yake imejaa katika nchi kavu ya kati na ambao husifiwa kwa kung'arisha shaba, hausaidii sana hapa, kwa sababu asidi yake ikikutana na kalsiamu hutengeneza chumvi nyingine isiyoyeyuka vizuri.

Ushauri unaozunguka sana katika simu ni ule wa kumwaga soda ya kuoka kisha siki juu yake, na watu huupenda kwa sababu ya mapovu mengi yanayopanda kwa kishindo. Mapovu hayo ni siki na soda zikimalizana zenyewe kwa zenyewe. Yakitulia, kilichobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu juu ya chochote, na jiwe liko pale pale. Mwenye siki kidogo afadhali aimimine yote juu ya doa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa maji ya betri, ambayo baadhi ya mafundi na wafanya usafi wa nyumba za wageni huyakimbilia kwa kuwa ni asidi kali inayopatikana kwa urahisi. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Pamoja na kuunguza ngozi na kutoboa nguo, asidi hiyo ina kasoro ya kikemia ambayo Mkoa wa Singida ungepaswa kuifahamu kuliko mikoa mingine, maana ikikutana na chokaa hutengeneza salfeti ya kalsiamu, yaani jasi, madini yale yale yanayochimbwa Itigi na kupelekwa katika viwanda vya saruji. Jasi huyeyuka kwa shida mno katika maji. Ngozi yake nyembamba huufunika ukoko na kuukinga na asidi inayofuata, kwa hiyo baada ya moshi na kishindo cha mwanzo kazi husimama, na anayeosha huongeza asidi zaidi akidhani haikutosha.

Jiki nayo inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza ambayo kila nyumba huishika. Ni maji yenye hipokloraiti ya sodiamu, ambayo huua vijidudu na kuchubua rangi za vitu vya asili, na kwa hiyo kuvu na utando wa waridi huisha mbele yake. Juu ya jiwe hufanya hila moja tu: huchubua rangi iliyonywewa na ukoko, sinki likaonekana jeupe, kisha baada ya siku chache ukoko ule ule hunywa rangi nyingine. Juu ya kutu haifai kabisa, kwani huzidisha kugeuka kwa chuma na kulikoleza doa. Hatari yake kuu ni pale inapochanganywa. Jiki ikikutana na asidi yoyote, iwe ya chupa ya dukani, siki au maji ya betri, hutoa hewa ya klorini, ambayo majeshi ya Ujerumani yaliitumia kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Ikikutana na amonia ya mkojo uliolala hutoa hewa nyingine inayochoma mapafu. Vyoo vingi vya nyumba za kupanga ni vyumba vidogo vyenye kidirisha kimoja cha juu, na anayeinama ndani ya sinki yuko karibu kabisa na chanzo. Akianza kukohoa na macho kumwasha, la kufanya ni kutoka mara moja na kuacha mlango wazi, si kumwaga kitu kingine cha kutuliza. Siku ya asidi isiwe siku ya jiki, na kati yao sinki limwagiwe maji mara kadhaa.

Kazi yenyewe huanza kwa kupima. Tone la siki huwekwa juu ya sehemu kavu ya doa, na macho husogezwa karibu: vipovu vidogo vikitokea pembezoni mwa tone na kuendelea kupanda, hiyo ni chokaa na asidi itaimaliza. Kama hakuna kipovu na doa ni jekundu, ni kutu, ambayo huhitaji dawa yenye asidi ya oksaliki, iliyo sumu ikimezwa, au asidi ya sitriki iliyokolea na kuachwa kwa saa nyingi. Kisha maji yaliyotuama hupunguzwa, kwa kuyasukuma kwa brashi kuelekea kwenye kizingo au kuyachota kwa kopo, kwa sababu asidi inayomwagwa ndani ya lita mbili tatu za maji hufika kwenye doa ikiwa imekwisha nguvu. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na linawatajirisha wauza dawa.

Kuta za sinki zimeinama na dawa nyepesi huteleza, hivyo vipande vya kitambaa chakavu cha pamba au karatasi ya chooni hulowekwa katika siki ya uvuguvugu na kubandikwa juu ya doa kama plasta, vingine vikisokotwa na kupachikwa chini ya ukingo ambako matundu ya maji yamezibwa na ukoko, na vyote huachwa usiku kucha. Asubuhi ukoko wa juu huwa umelegea na kuwa kama chaki iliyolowa. Hukwanguliwa kwa kijiti cha mti laini au kipande cha plastiki, kusuuza hufuata, na plasta nyingine huwekwa. Ukoko wa miaka kumi hautoki kwa usiku mmoja, na ukitoka kwa awamu tatu au nne mwenye nyumba hana sababu ya kulalamika. Kwa dawa kali za haidrokloriki muda hupungua hadi dakika zilizoandikwa kwenye chupa, glavu za mpira na dirisha wazi vikiwa sharti, na dawa isihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda, kwani mtoto haitofautishi yenye dawa na yenye kinywaji.

Sinki la kuchuchumaa, ambalo ndilo lililo katika nyumba nyingi zaidi, lina desturi yake. Ubapa wake hukauka kabisa kati ya matumizi mawili, tofauti na bakuli la choo cha kukaa ambalo sehemu yake ya chini hubaki ndani ya maji, na kwa hiyo ukoko wake hutanda kama ramani kuzunguka sehemu za kukanyagia badala ya kukaa kama pete. Plasta ya siki hulala vizuri juu ya ubapa huo, lakini ndoo ya mwisho ya maji huhitaji kufagiliwa kwa brashi ya kusukumia mpaka kauri ikauke, kwa sababu kinachosukumwa hakipati nafasi ya kuacha chumvi yake.

Jiwe jepesi la volkano, lile la kusugulia nyayo, linaweza kutumika juu ya mabaki ya mwisho kwa kuwa ugumu wake unazidi ule wa chokaa na kwa kawaida haufikii ugumu wa kioo kizima. Masharti ni kwamba jiwe na sinki vyote viwe vimelowa na mkono uwe mwepesi. Juu ya kioo kilichokwisha kuchakaa hata hilo halifai.

Kampeni za taifa kuhusu vyoo, kuanzia ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hadi Nyumba ni Choo iliyoanza mwishoni mwa 2017, zilikuwa na kazi ya kuhimiza watu wachimbe na wajenge, jambo lililostahili kutangulia. Sasa ambapo masinki ya kauri yameingia katika nyumba nyingi, kinachofupisha maisha yake ni mambo madogo ya fundi bomba. Mpira wa kuzibia tangi ukilika, maji hudondoka ndani ya sinki mchana na usiku kwa uzi mwembamba usiosikika, na uzi huo ndio unaochora ule mstari wa kahawia wa tundu moja. Kuosha mstari bila kubadili mpira ni kazi isiyokwisha, ilhali mpira wenyewe ni kitu cha bei ndogo. Tundu likishukiwa, karatasi kavu hubandikwa chini yake tangi likiwa limejaa na kutulia. Ikilowa, mpira umekwisha.

Maji ya mvua ni laini, kwa sababu hayajapita ndani ya mwamba, na nyumba yenye mifereji ya bati na tangi inaweza kuyatenga yale yasiyotumika jikoni kwa ajili ya choo. Kwa mkoa wa msimu mmoja tangi hilo halifiki Oktoba, na hakuna haja ya kudai kwamba hufika. Hata miezi minne ya maji laini ni miezi minne ambayo jiwe halikuongezeka. Kipindi kinachobaki, kikombe cha siki kinachomwagwa kuzunguka ukingo usiku mmoja kila baada ya wiki mbili huyeyusha ukoko ungali ngozi nyembamba.

Yako masinki ambayo hakuna asidi itakayoyarudisha, na ni heri kuyatambua kabla ya fedha kuisha. Baada ya ukoko wote kutoka, sehemu iliyokuwa na doa huachwa ikauke, kisha huchorwa mstari kwa penseli ya kawaida. Juu ya kioo kizima penseli huteleza na kuacha alama hafifu inayofutika kwa kidole. Juu ya kauri iliyovuliwa ngozi mstari hukaa mweusi, kama juu ya karatasi. Anayenunua sinki lililotumika kwa fundi anayevunja nyumba za zamani naye hana kipimo rahisi zaidi ya hicho, mradi aombe kwanza maji ya kuliosha.